Pikipiki inayumba: usikimbilie kukaza shingo

Mwambie fundi wa kijiweni kwamba pikipiki yako inayumba, na kabla hujamaliza kueleza atakuwa ameshaishika nati ya shingo, pale usukani unapoungana na fremu. Ataikaza, atauzungusha usukani huku na huku, kisha atakwambia ukajaribu. Mara nyingine mtikisiko hupungua kweli, maana shingo iliyobanwa huuficha. Siku chache baadaye unarudi na shida mbili: ile ya zamani, na mpya ya pikipiki kukataa kushika mstari kwenye foleni. Huenda chanzo kilikuwa tairi la nyuma lenye upepo nusu, au ekseli iliyokaa mshazari tangu siku ilipokazwa cheni.

Maelezo haya ni ya pikipiki ambazo wengi wetu tunazitumia kila siku: Bajaj Boxer, TVS HLX, Haojue, SanLG na nyingine za jamii hiyo, cc 100 hadi 150, shokapu mbili nyuma na matairi ya tyubu. Utaratibu wa kutafuta ni huu: anza na vinavyokaguliwa bila spana, malizia na vinavyohitaji kufunguliwa, na kagua nyuma kabla ya mbele. Usukani ndio unaokuletea habari mikononi, lakini habari nyingi huwa zimetokea nyuma.

Utahitaji geji ya upepo ya kwako mwenyewe, rula, kipande cha uzi wa fundi mwashi kama mita 6, spana zako za kawaida, na mtu mmoja wa kukushikia pikipiki.

Hatua ya 1: Jua inayumba vipi

"Inayumba" ni neno pana mno. Kabla ya kugusa kitu, jiulize ni ipi kati ya hizi.

Usukani unatetemeka haraka kulia na kushoto, kama mara 6 hadi 10 kwa sekunde, na wewe ukiwa umekaa karibu wima. Hutokea zaidi unapoachia mafuta na mwendo kushuka kutoka kilomita 70 kwa saa kuelekea 50. Huu ni mtikisiko wa mbele, sawa na kigurudumu cha mbele cha toroli la supamaketi kinavyopiga kelele na kucheza ukilisukuma kwa haraka. Watuhumiwa wake ni tairi la mbele, rimu, beringi za gurudumu, shingo iliyolegea, na mzigo wa nyuma uliofanya mbele kuwa nyepesi.

Mwili mzima wa pikipiki unakwenda kama nyoka, polepole, mara 2 hadi 4 kwa sekunde, na unahisi kiti kinasogea chini yako. Huu huja mwendo ukiwa mkubwa, hasa ukiwa na abiria au shehena. Hapa shingo iache kabisa kwanza. Tazama upepo wa tairi la nyuma, bushi za mkono wa nyuma (kile chuma kinachoshika gurudumu la nyuma), shokapu za nyuma na namna ulivyofunga mzigo.

Mwendo mdogo ndio unaokusumbua: kwenye foleni unatembea kama mlevi, unarekebisha usukani kila sekunde, lakini ukifika 50 inatulia. Hiyo ni shingo iliyokazwa kupita kiasi au iliyochimbika, au tairi la mbele halina upepo.

Pikipiki inavuta upande mmoja. Hapa fikiria mpangilio wa magurudumu, shokapu za mbele zilizojinyonga baada ya kuanguka, au mzigo ulioegemea upande.

Kuna "ko" unapobana breki ya mbele au unapopita tuta. Kitu kimelegea, na ni rahisi kukipata.

Swali linalookoa muda kuliko yote ni hili: siku moja kabla haijaanza, nini kilifanyika? Shida nyingi za kuyumba huzaliwa gereji. Tairi jipya, pancha iliyozibwa, cheni iliyokazwa, beringi zilizobadilishwa, keria mpya, au kuanguka "kidogo tu" ambako dereva wa siku hiyo hakukusema. Kama pikipiki ni ya kuazimisha au ya mkataba, muulize aliyekuwa nayo bila kumtisha, maana ukianza na ukali hatakwambia.

Hatua ya 2: Vua ulivyoongeza

Ondoa mzigo, kreti, boksi la vifurushi na kila kilichofungwa kwa mpira, kisha iendeshe tupu kwenye kipande kilekile cha barabara. Ikitulia, umepata jibu bila kutumia hata shilingi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Umbali kati ya ekseli mbili kwenye pikipiki hizi ni kama sentimita 125. Funga gunia la kilo 50 kwenye keria, kitovu chake kikiwa sentimita 20 nyuma ya ekseli ya nyuma: gurudumu la mbele linapunguziwa kilo 8, na la nyuma linabeba 58. Ongeza abiria, ambaye uzito wake karibu wote unaishia nyuma, na tairi la mbele linabaki kugusa barabara kwa adabu tu. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ndiyo usiseme. Hakuna fundi anayeweza kurekebisha pikipiki ya watu wanne.

Sogeza mzigo mbele, ushushe chini, uufunge usicheze. Gunia linalotikisika kwenye keria linaweza kuanzisha ule mwendo wa nyoka hata kama kila bolti iko sawa. Keria yenyewe ishike uitikise: ikiwa imepasuka kwenye mchomeleo au bolti zake zimelegea, mzigo wako unaning'inia hewani.

Halafu kuna miavuli. Ile mikubwa inayofungwa kwenye bodaboda, hasa Kenya, inakinga jua na mvua vizuri, lakini ikikutana na upepo wa ubavuni au lori linalokupita inageuka tanga. Iliyofungwa kwenye fremu ina nafuu, ila ule ambao mlingoti au kamba zake zimeshikizwa kwenye usukani unasukuma usukani wenyewe. Vivyo hivyo kioo cha mbele kirefu, mifuko ya plastiki inayoning'inia kwenye vishikio, na makava mazito ya mikono. Kimoja kimoja vinavumilika, vikikutana vinne si jambo la kushangaa usukani kucheza.

Hatua ya 3: Upepo, kisha tairi lenyewe

Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, kabla hujatembea. Tairi likipata moto, namba hupanda na kukudanganya. Kupiga tairi kwa kisigino au kulibonyeza kwa kidole gumba hakukwambii chochote, na geji nyingi za kujaziana upepo barabarani zimechoka. Kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu kiwango ni karibu na psi 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 nyuma ukiwa na abiria. Kibandiko kwenye pikipiki yako au kitabu chake kikisema tofauti, fuata hicho.

Upepo mdogo nyuma hufanya mkia ucheze kona na mwendo mkubwa. Upepo mdogo mbele hufanya usukani uwe mzito na pikipiki ifuate kila mfereji uliochimbwa na malori kwenye lami. Wapo wanaojaza 40 na zaidi ili "ibebe mzigo". Tairi la namna hiyo linarukaruka kwenye vumbi, linashika barabara kwa ukanda mwembamba wa katikati, na linaisha hapo katikati tu.

Likaguliwe sasa tairi. Lililoisha katikati likawa bapa hufanya pikipiki igome kuinama mwanzoni mwa kona halafu ianguke ndani ghafla. Lililolika kwa mabonde-mabonde ukingoni hutetemesha usukani mwendo wa kati. Kipara sina haja ya kukieleza. Angalia mshale wa mwelekeo ubavuni, maana mziba pancha akiwa na haraka hulirudisha kinyume. Angalia pia mstari mwembamba uliozunguka tairi karibu na rimu: umbali wake na ukingo wa rimu uwe sawa pande zote. Ukizama sehemu moja, tairi halijakaa vizuri na litapiga kila mzunguko. Dawa yake ni kutoa upepo, kupaka maji ya sabuni ukingoni na kujaza upya.

Ubavuni pia kuna namba nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. 3522 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi "jipya" lililokaa dukani juani miaka mingi huwa gumu na lenye nyufa ndogondogo, na kuteleza kwake kwenye lami yenye maji hakurekebishwi na upepo.

Hatua ya 4: Rimu, spoku na beringi

Weka pikipiki kwenye stendi ya kati. Gurudumu la nyuma litakuwa hewani. Kwa la mbele, mwenzako akae kwenye keria, mbele itainuka yenyewe. Usiweke jeki chini ya bomba la moshi wala kwenye nati ya kumwagia oili.

Shika kijiti kikiwa kimegandamizwa kwenye shokapu, ncha yake ikikaribia rimu, kisha zungusha gurudumu taratibu. Tazama mwanya unavyopanuka na kupungua, kwa upande na kwa juu-chini. Vitabu vingi vya matengenezo huweka kikomo cha milimita 2. Rimu iliyogonga shimo mara nyingi huwa na bonde sehemu moja, na spoku za hapo huwa zimelegea. Zigonge moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu. Spoku zilizolegea hazikazwi kwa kubahatisha, kwa sababu ukiivuta moja sana unaipinda rimu upande wa pili. Mpelekee fundi wa spoku, na asimame mbele ya kijiti kama ulivyosimama wewe. Rimu za kumimina hazina habari hii, ila tafuta ufa kwenye mikono yake.

Kisha beringi. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta kwa kupishana. Ukisikia linacheza kwenye ekseli, beringi zimekwisha. Lizungushe na uweke kiganja kwenye shokapu: beringi mbovu huleta ukwaruzo unaousikia mkononi kabla ya masikioni.

Beringi mpya zikifa mapema, muulize fundi kuhusu bomba fupi la chuma linalokaa katikati ya beringi mbili ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kazi yake ni kuzuia beringi zisibanwe kwa ubavu ekseli inapokazwa. Likisahaulika mezani, au likiwekwa la pikipiki nyingine, beringi zinauawa na nati yenyewe. Ukiona fundi anasema "usikaze sana ekseli ya hii, inagoma kuzunguka," ujue bomba hilo halipo.

Hatua ya 5: Nyuma

Hapa ndipo gereji nyingi zinaporuka, kwa sababu shida yake haionekani kwa kutazama.

Anza na mkono wa nyuma, kile chuma kinachoshika gurudumu na kuungana na fremu nyuma ya injini. Gurudumu likiwa hewani, mwenzako aishike pikipiki isicheze kwenye stendi, wewe shika tairi kwa nyuma ulisukume kulia na kushoto. Usitazame tairi, tazama mahali mkono unapoingia kwenye fremu. Ukiona mwanya unafunguka na kufunga, bushi zimekwisha au bolti yake ndefu imelegea. Bushi hizi ni rahisi kwa bei na ngumu kwa kazi, ndiyo maana watu huziacha hadi zinakula chuma. Mchezo mdogo sana hapo unafika kwenye usukani ukiwa mkubwa, na hakuna kukaza shingo kutakakoutoa.

Shokapu za nyuma zikaguliwe kama pacha. Kizungushio cha chini kinachokaza springi kiwe kwenye ngazi ileile pande zote mbili. Nimeona nyingi mno zenye kushoto ngazi ya pili na kulia ya nne, kwa sababu upande wa bomba la moshi ni shida kuingiza spana. Kaa kwa nguvu kwenye kiti kisha uinuke: nyuma irudi mara moja na itulie. Ikiruka mara mbili, tatu, oili au gesi imeisha na umebaki na springi tupu. Zibadilishe zote mbili kwa pamoja. Moja mpya na moja mfu zitaunyonga mkono wa nyuma kila tuta.

Sasa mpangilio wa magurudumu. Alama zilizochongwa kwenye vikaza cheni si za kuaminiwa sana, zinaweza kutofautiana kulia na kushoto tangu kiwandani, na baada ya miaka ya kugongwa kwa nyundo ndiyo basi tena. Pima kwa rula kutoka katikati ya bolti ya mkono wa nyuma hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Vipimo viwe sawa. Hicho tu kinamaliza kesi nyingi.

Kwa uhakika zaidi tumia uzi. Mwenzako aishike pikipiki wima, chini ya matairi, bila stendi ya kati, kwa sababu miguu yake huziba njia. Zungusha uzi nyuma ya tairi la nyuma, sentimita 10 hivi kutoka chini ili upite chini ya injini, na uvute ncha zote mbili mbele hadi zipite tairi la mbele. Kwa kila upande, usogeze uzi polepole hadi uguse ubavu wa tairi la nyuma sehemu mbili, nyuma na mbele, bila kupindishwa. Sasa nyoosha usukani na upime mwanya kati ya uzi na tairi la mbele. Kwa kuwa la mbele huwa jembamba (2.75 mbele na 3.00 nyuma ni vipimo vya kawaida), kila upande unatakiwa ubaki mwanya wa kama milimita 3, mbele ya tairi na nyuma yake.

Geuza usukani kidogo hadi tairi la mbele liwe sambamba na nyuzi; likiwa limesogea lote upande mmoja, kwanza shuku kwamba gurudumu la nyuma linaelekea pembeni: rudi kwenye vikaza cheni. Vipimo vya rula vikiwa sawa na tairi la mbele bado limesogea, angalia kama bushi za ekseli zimebadilishana pande, au kama spoku zilifungwa upya na rimu ikavutwa nje ya kati. Vyote hivyo vikiwa sawa na bado nyuzi zinakataa, kuna chuma kilichopinda: shokapu za mbele, mkono wa nyuma, au fremu.

Ukikaza cheni, acha ulegevu wa milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini, upimwe mahali ilipokaza zaidi, maana cheni iliyochakaa hukaza na kulegea ikizunguka. Mtu akae kwenye kiti uhakikishe bado inacheza. Cheni iliyovutwa kama gitaa huzuia shokapu kufanya kazi na huburuta ekseli upande wake. Kaza nati ya ekseli kwanza, ndipo vikaza, na usisahau bolti ya ule mkono unaozuia bamba la breki ya nyuma lisizunguke.

Hatua ya 6: Shingo, sasa

Umefika kwenye shingo ukiwa umeondoa sababu nyingine, na ndivyo inavyotakiwa. Inua mbele.

Kulegea: shika ncha za chini za shokapu zote mbili, sukuma na kuvuta kwenda mbele na nyuma. Mwenzako aweke kidole kwenye kiungo kati ya shingo ya fremu na kibano cha chini cha shokapu. Akihisi hatua kwenye kidole, shingo imelegea. Asipohisi na wewe bado unasikia mchezo, ni bushi za ndani za shokapu, au ni pikipiki yenyewe inayocheza kwenye stendi. Ile "ko" ya breki ya mbele pia huweza kutoka kwenye bamba la breki ya dramu lisilokaa sawa kwenye meno ya shokapu, kwa hiyo kidole kiamue, sikio lisiamue.

Kuchimbika: zungusha usukani polepole kwa vidole viwili kutoka mwisho hadi mwisho. Ukifika katikati, pale unapokwenda moja kwa moja, ukahisi unaingia kwenye kashimo kadogo na kutoka, gololi zimechimba mabakuli yake. Hii ndiyo sababu ya kulewa kwenye mwendo mdogo. Kukaza hakusaidii hapa, kunazidisha. Badilisha seti nzima, gololi na mabakuli yote, juu na chini. Fundi akikuwekea gololi mpya kwenye mabakuli ya zamani, umelipa kazi bure. Nyingi za pikipiki hizi zina gololi huru, kwa hiyo zihesabiwe zinapotoka, na mabakuli yajazwe grisi. Adui mkubwa wa grisi hiyo ni mashine ya presha kwenye kuosha pikipiki: waombe wasielekeze maji shingoni.

Kubana: mbele ikiwa hewani, nyoosha usukani kisha uuguse kidogo. Unatakiwa uanguke wenyewe hadi mwisho, kulia na kushoto, kwa mwendo laini. Ukigoma njiani, kwanza hakikisha si waya wa klachi, wa spidi au waya za umeme zinazouzuia. Kama siyo, shingo imebanwa. Pikipiki husimama wima kwa sababu gurudumu la mbele hujigeuza lenyewe kidogokidogo kufuata inakoinamia. Ukilinyima uhuru huo, kazi yote inabaki kwako, na mikono inachoka kabla ya saa sita mchana.

Kurekebisha: legeza nati kubwa ya juu na bolti zinazobana shokapu kwenye kibano cha juu. Nati ya duara yenye mapengo iliyo chini yake ndiyo inayoamua. Ikaze hadi mchezo uishe na usukani uwe mzito kidogo, zungusha mwisho hadi mwisho mara kadhaa ili gololi zikae, kisha rudisha nyuma kama moja ya nane ya mzunguko. Kaza nati ya juu na bolti, halafu rudia majaribio yote, kwa kuwa kukaza nati ya juu hubadilisha ulichokipanga. Huenda ukarudia mara mbili au tatu. Fundi anayefanya kazi hii kwa kugonga patasi na nyundo akasema "tayari" hajapima chochote.

Hatua ya 7: Shokapu za mbele

Bana breki ya mbele, gandamiza usukani chini kwa nguvu, achia. Irudi na kutulia. Futa bomba kwa kidole: pete ya oili maana yake oili sili imepasuka, na oili hiyo ikiendelea kuvuja itafika kwenye breki. Ukibadilisha, oili iwe ya aina moja na kiasi kilekile pande zote mbili. Angalia kwa juu kama mabomba yametokeza sawa kwenye kibano.

Baada ya kuanguka, usukani ukiwa umepinda wakati gurudumu liko sawa, mara nyingi hakijavunjika kitu, vibano vimejinyonga tu. Legeza bolti za vibano na ekseli, bana tairi katikati ya magoti, zungusha usukani hadi ulingane, gandamiza shokapu mara kadhaa, kaza. Bomba lililopinda ni jambo jingine. Livue na ulivingirishe juu ya kioo cha meza: likiruka, limekwisha. Mafundi hulinyoosha kwa jeki, na linaonekana zuri. Mimi nisingelipanda. Chuma kilichopinda na kunyooshwa kimepoteza nguvu mahali palepale ambapo breki inakitegemea.

Fremu iliyopinda au yenye ufa shingoni haina dawa ya kijiweni. Ukiona rangi imepasuka kwa mstari chini ya tangi karibu na shingo, simamisha safari.

Hatua ya 8: Kujaribu

Badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha kingine. Ukibadilisha vinne kwa mpigo hutajua kilichoponya, na mwezi ujao utavinunua vyote tena.

Chagua lami kavu isiyo na watu, asubuhi kabla upepo haujaamka, na uipite njia zote mbili. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, na barabara huinama kuelekea ukingoni kumwaga maji, kwa hiyo kuvutwa kidogo kushoto ni kwa barabara. Ukiwa Bujumbura, Kigali au Bukavu mwinamo utakuwa kulia. Kugeuza safari kunakuonyesha kama ni upepo wa ubavuni unaokusukuma, maana huo hubadilika upande; mwinamo wa barabara na shida ya pikipiki havibadiliki. Pia usiihukumu pikipiki kwa msukosuko wa basi linalokupita Chalinze. Huo ni upepo wa basi.

Wapo watakaokushauri uachie mikono ili uone kama usukani utacheza. Usifanye hivyo. Legeza vidole tu, viganja vikiwa bado juu ya vishikio, na uachie mafuta kutoka 60. Mtikisiko ukiwepo utauhisi mapema.

Mtikisiko ukikushika barabarani

Usukani ukianza kupiga ukiwa mwendoni, silika inakutuma ung'ang'anie kwa nguvu na ubane breki ya mbele. Vyote viwili huzidisha. Breki ya mbele hulibana gurudumu lilelile linalocheza, na mikono iliyokakamaa hupokea mtikisiko na kuurudisha. Shika imara lakini viwiko vikiwa vimelegea, bana tangi kwa magoti, inama mbele ili uzito uende kwenye gurudumu la mbele, na funga mafuta taratibu. Mwendo ukishuka utatulia. Kwa ule wa nyoka fanya hivyohivyo, na mwambie abiria akae karibu nawe asitapatape. Breki ya nyuma, kama ni lazima, iguse kidogo tu.

Ukisimama, kabla ya kupiga simu kwa mtu yeyote, gusa matairi yote mawili. Pancha ya nyuma inayopungua polepole huanza hivyohivyo.